Somo la 14: Wanja, Nyusi na Usalama wa Macho



Somo hili liliombwa na akina mama wa darasa moja la jioni huko Bunda. Siku hiyo tulikuwa tumemaliza kusoma habari za mbegu za pamba. Mama mmoja akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mbona kila siku ni pamba na dagaa tu? Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Tufundishe na sisi kupaka wanja ukakaa sawasawa."

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka sana. Nilikumbuka mama mwingine, wa darasa la wilaya ya Butiama. Mama huyo alikuja darasani amejifunika khanga usoni. Alipoifunua tuliona nyusi zimevimba, ngozi inatoa maji, na macho karibu yamefumba. Alikuwa amepaka piko kwenye nyusi ili apendeze harusini.

Nilimwuliza, "Mama, dawa hiyo iliandikwaje?"

Akajibu, "Haikuandikwa kitu, mwalimu. Nilifungiwa kwenye kipande cha karatasi."

Mama yule alikuwa amefaulu mtihani wa kisomo. Alijua kusoma vizuri. Lakini hapakuwa na cha kusoma. Alipona baada ya majuma kadhaa, na macho yake yanaona. Si kila mtu hupona hivyo.

Basi tujifunze kujipamba, na tujifunze kulinda macho. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Vitu vya kutayarisha

Huhitaji vitu vingi. Tafuta kioo, maji safi, sabuni, pamba au kitambaa laini kilichofuliwa, na mafuta kidogo ya kula au ya nazi. Tafuta pia mswaki mpya wa meno ambao hautautumia kinywani. Nunua wanja wa penseli wenye maandishi. Penseli hiyo huuzwa bei ndogo katika maduka ya vipodozi ya Musoma na Bunda, na siku za mnada huletwa hata vijijini.

Kabla ya kulipa, soma. Tafuta jina la kiwanda. Tafuta vitu vilivyotiwa ndani yake. Tafuta tarehe ya mwisho wa kutumia. Mara nyingi huandikwa karibu na herufi EXP. Kama tarehe imepita, mrudishie mwenye duka. Kama maandishi yamefutika au yamekwanguliwa, mrudishie pia. Usione haya. Fedha ni yako na macho ni yako.

Penseli ya kuandikia darasani si wanja. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakiitumia. Ncha yake ni ngumu, inakwaruza ngozi, na haikutengenezwa kwa ajili ya macho. Hata hivyo tutaitumia kwa kazi nyingine, kama utakavyoona.

Kupima nyusi

Nawa mikono kwa sabuni. Kama ulikuwa unakata pilipili au unaanika dagaa, nawa mara mbili. Kisha nawa uso, ujifute. Kaa karibu na mlango au dirisha, mwanga ukupige usoni. Ukijipaka gizani kwa kibatari, utatoka nje na nyusi mbili zisizofanana.

Sasa chukua penseli yako ya darasani. Isimamishe wima kando ya pua, ipite kwenye kona ya ndani ya jicho. Pale inapogusa unyusi, ndipo unyusi unapoanzia. Usipake kabla ya hapo, maana nyusi zikikaribiana sana utaonekana umekasirika.

Acha mwisho wa chini wa penseli palepale kando ya pua. Laza mwisho wa juu kidogo, penseli ipite mbele ya mboni huku unatazama mbele. Hapo unyusi unapaswa kuwa juu kuliko sehemu nyingine. Ilaze tena mpaka ipite kwenye kona ya nje ya jicho. Hapo ndipo unyusi unapoishia. Unaweza kuweka nukta ndogo tatu kwa wanja ili usisahau.

Watu wengi hufikiri kwamba lazima watinde nyusi kwanza. Si lazima. Nyusi nyingi za asili ni nzuri zikichanwa tu. Zichane kwa ule mswaki, kwenda juu na upande wa nje. Ukitaka kupunguza, ondoa vinyweleo vichache vilivyo chini ya mstari, karibu na kope. Ving'oe kimoja kimoja kwa kibanio kidogo, kisha simama, tazama kioo. Usinyoe unyusi wote ukachora mwingine. Unyusi huzuia jasho lisiingie machoni, na anayelima juani anajua faida yake.

Kama unatumia wembe, uwe mpya na uwe wako peke yako. Wembe uliomkata mwenzio unaweza kukuletea virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Hata akiwa ni ndugu yako wa tumbo moja, kila mmoja awe na wembe wake.

Kupaka wanja kwenye nyusi

Anayeanza hukosea hapa: huchora mstari mmoja mnene, mweusi, kama reli. Usifanye hivyo. Chora vistari vifupi vifupi, kila kimoja kama unywele, kufuata upande nywele zinakoota. Anza katikati, nenda nje. Sehemu ya ndani, karibu na pua, ipake mwishoni, tena kwa mkono mwepesi. Kisha pitisha mswaki taratibu ili vistari vichanganyike.

Wanja ukiwa mgumu, usiulambe. Mate yana vijidudu. Wengine huupitisha kwenye moto wa kiberiti na kuugusisha usoni hapohapo, wakaungua. Usugue nyuma ya kiganja mara tano au sita, utalainika kwa joto la mwili.

Paka unyusi mmoja nusu, kisha mwingine nusu. Ukimaliza wa kwanza kabisa ndipo uanze wa pili, utapata kazi ya kuvisawazisha. Utaongeza huku, utaongeza kule, mpaka nyusi zijae paji la uso.

Kupaka wanja kwenye kope

Mkono wa anayeanza hutetemeka. Weka kiwiko juu ya meza au goti, na kidole kidogo kiguse shavu. Fumba jicho moja. Weka nukta ndogo nne au tano juu ya mstari ambapo kope zimeota, kisha ziunganishe. Kwa chini, paka kidogo nje ya kope.

Usipake ndani, kwenye ule ukingo wenye unyevu unaogusa jicho. Najua bibi zetu wengi walipaka ndani. Lakini hapo wanja huingia moja kwa moja machoni, na ncha inaweza kuchubua kioo cha jicho. Kwa sababu hiyohiyo usijipake ukiwa ndani ya basi. Barabara ya Bunda kwenda Musoma ni ya lami, lakini dereva anaweza kufunga breki ghafla.

Kabla ya kulala, ondoa wanja wote. Tia mafuta kidogo kwenye pamba, weka juu ya jicho lililofumba, hesabu mpaka ishirini, kisha futa kutoka pua kwenda nje. Nawa kwa sabuni na maji. Kwa maskara ya chupa, itupe baada ya miezi mitatu tangu ulipoifungua, hata kama haijaisha. Ile brashi hurudisha vijidudu ndani ya chupa kila siku.

Habari za piko

Sasa turudi kwa yule mama wa Butiama. Piko nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele. Ndani yake huwa na kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Kemikali hii huweza kuchoma ngozi na kuivimbisha. Hatari yake ni kwamba huenda mara ya kwanza usione kitu. Mwili unaizoea vibaya, na mara ya pili au ya tatu unaikataa kwa nguvu. Ndiyo maana jirani yako anasema, "Mimi nilipaka, sikudhurika." Anasema kweli, lakini haijui kesho yake.

Mambo haya si ya Mara peke yake. Mwaka 1933, huko Marekani, iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Nayo ilikuwa na kemikali ya jamii hiyo. Iliumiza wanawake kadhaa, mmoja akapofuka, na mwingine akafa. Wakati huo sheria ya nchi hiyo haikugusa vipodozi. Mwaka 1938 ilitungwa sheria mpya iliyovisimamia. Hapa Tanzania, kazi ya kusimamia vipodozi ilikuwa ya TFDA, na tangu mwaka 2019 imo mikononi mwa TBS. Lakini TBS haiwezi kusimama kwenye kila meza ya mnada. Boksi halali la rangi ya nywele huwa na onyo lisemalo isitumike kwenye nyusi wala kope. Ile iliyofungwa kwenye karatasi haina mtu wa kukuonya.

Mtoto mchanga na wanja

Jambo hili ndilo zito kuliko yote. Mama wengi huwapaka watoto wachanga wanja mnene kwenye nyusi na kuzunguka macho. Wengine husema unakuza nyusi. Wengine husema unaimarisha macho, au unamkinga mtoto na jicho baya. Wanafanya kwa upendo, na walifanyiwa hivyo na mama zao.

Wanja ni wa zamani sana. Wamisri wa kale waliupaka zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwetu uliletwa pwani na majahazi kutoka Arabuni, ndiyo maana huitwa wanja wa manga. Wanja huo husagwa kutoka kwenye jiwe jeusi linalong'aa. Mara nyingi jiwe hilo lina madini ya risasi. Hiyo ni risasi ileile iliyomo ndani ya betri ya gari, na ambayo wavuvi wengine huifunga kwenye nyavu ili zizame. Wataalamu waliopima wanja wa namna hii katika nchi mbalimbali waliukuta mwingine una risasi zaidi ya nusu ya uzito wake.

Mtoto anajifikicha macho. Kisha anatia vidole mdomoni. Risasi inaingia tumboni, inakwenda kwenye damu, inafika kwenye ubongo unaokua. Hailii, haiumi, huioni. Lakini hupunguza damu, na hupunguza uwezo wa mtoto kujifunza. Madhara hayo ya ubongo hayarudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Usimpake mtoto wanja wowote. Nyusi zitaota zenyewe. Bibi yake akiuliza, mjibu kwa heshima, "Bibi, zahanati wametukataza." Au mwombe afuatane nawe siku ya kliniki, amsikie mwenyewe mwuguzi.

Kijiti kimoja, macho kumi

Siku ya harusi chumba hujaa. Wanja ni mmoja, kijiti ni kimoja, na wanawake ni kumi. Mmoja akiwa na macho mekundu, wote wanaweza kuondoka nayo.

Upo ugonjwa uitwao trakoma, au vikope. Huenezwa na tongotongo kwa njia ya vidole, vitambaa na nzi, na kijiti cha wanja chaweza kuuchukua vilevile. Mtu akiupata mara nyingi tangu utotoni, baadaye kope hupinda kuelekea ndani na kukwaruza jicho mpaka lipofuke. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, imejulikana sana kwa ugonjwa huo, na watafiti waliufuatilia huko tangu miaka ya 1980. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, maana ndio wanaokaa karibu na watoto wenye macho machafu.

Kwa hiyo kila mtu aje na penseli yake. Kama ni lazima kuazimana, mchonge kwanza mpaka ncha mpya itokee, na aliye na macho mekundu asiazime wala asiazimwe.

Kitu kikiingia jichoni

Usifikiche. Mimina maji safi polepole juu ya jicho kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Maji ya ziwani yachemshwe na yapoe. Kama ni piko iliyoingia na maji mengine hayapo, tumia uliyo nayo, maana kuchelewa ni kubaya zaidi. Usitie maziwa ya mama, mkojo, sukari wala majani yaliyosagwa. Kisha nenda zahanati siku hiyohiyo, na uchukue boksi au karatasi ya kile ulichopaka.

Harusi ya Bunda ilifanyika. Mama yule alimpaka binti yake kwa mkono wake mwenyewe, mchana, mlangoni. Aliniambia unyusi wa kushoto ulipanda kidogo, lakini bwana harusi hakuuona.

Mazoezi

1. Pima nyusi zako kwa penseli ya darasani. Mwenzako atazame kama nukta tatu ziko mahali pake.
2. Leta boksi au chupa moja ya kipodozi kutoka nyumbani. Soma kwa sauti jina la kiwanda na tarehe ya mwisho.
3. Kwa nini mtu anaweza kupaka piko mara mbili bila kudhurika, kisha akaumia mara ya tatu?
4. Jirani yako amejifungua, na mama mkwe wake amekuja na wanja. Andika sentensi tatu ambazo ungemwambia mama mkwe huyo.