Kisanduku cha Babu Hakitafuti Dhahabu

Mdogo wangu wa Kilwa Masoko, picha zako nimezikuza mpaka macho yakauma. Unasema marehemu babu yako aliwapikia wazungu wa miamba huko porini, akarudi na kisanduku cha njano chenye mpini, waya uliojisokota na bomba la chuma mwisho wake. Sasa kuna bwana kutoka Lindi haishi kubisha hodi. Anadai kisanduku kinavuta dhahabu na ndani yake mna zebaki nyekundu. Wewe unataka kujua ni kitu gani, na kama kinaweza kufufuka.

Tuanze na dhahabu, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Hakivuti dhahabu, wala rupia za Mjerumani ambazo watu wa pwani yetu hawachoki kuzifukua. Kinasikia mionzi tu, na dhahabu ya ardhini haitoi mionzi. Zebaki nyekundu yenyewe haipo duniani. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei ya kutisha kwa sababu ya uvumi huohuo. Mwisho wa yote wakabaki na cherehani.

Habari ya babu kuwapikia wataalamu ina mashiko. Kati ya 1976 na 1979 ndege zilipima nchi yetu nzima kutoka angani, na mionzi ya ardhini ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopimwa. Kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ikaja kutafuta urani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ule mwamba wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, ambao leo kila mtu anauzungumzia, uko ng'ambo ya Liwale tu. Kazi ya namna ile ilihitaji wapagazi, wapishi na vipimo vya kubeba mkononi.

Sasa tukitambue. Usiulize fundi kabla hujasoma kibao cha chuma na uso wa mshale, kwa sababu kizio kilichoandikwa pale ndicho kitambulisho. Ukiona "c/s", yaani mapigo kwa sekunde, hicho ni chombo cha mwanajiolojia. Ukiona "R/h", yaani rentgen kwa saa, na namba zinafika 500, kilitengenezwa kwa ajili ya vita vya nyuklia. Ukikiweka juu ya jiwe la urani hakitatikisika, na mafundi wengi wamekitangaza kimekufa ilhali kizima. Cha kwako, nikiangalia "mR/hr", namba ya mwisho ya nusu (0.5) kwenye uso wa mshale, na vipimo vitatu vya mara 1, mara 10 na mara 100, kinafanana sana na CD V-700 ya Marekani, ya ulinzi wa raia wa miaka ya 1950 na 1960. Waliotengeneza aina hiyo ni kampuni kadhaa, mojawapo Lionel, haohao wa treni za kuchezea watoto. Ndani ya bomba mna mrija wa Geiger na Müller, wazo la mwaka 1928: gesi, waya katikati, na umeme wa takriban volti 900. Mionzi ikipita, gesi inaruhusu umeme kuruka mara moja, nawe unasikia "tk" kwenye hedifoni.

Kabla ya bisibisi, nisikilize. Ubavuni mwa kisanduku kuna kibandiko cha duara. Hicho ndicho chanzo cha majaribio, nacho kina mionzi kidogo kweli. Usikibandue, usikikwaruze, usimpe mtoto achezee. Vingine viliwekwa urani iliyofifishwa, vingine risasi ya aina ya 210, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi. Kwa hiyo mshale ukisoma chini ya namba iliyoandikwa pale, huenda chombo ni kizima na kibandiko ndicho kilichozeeka. Vipimo vya kijeshi vina hatari zaidi: namba zake mara nyingi zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Mng'ao ulishakufa, lakini radiamu yenyewe ina nusu-uhai wa miaka 1600. Kioo cha namna hiyo kikiwa kimepasuka na unga unadondoka, funga kwenye mfuko, nawa mikono, usikifungue tena.

Cha kwako kifungue, ila nje kwenye upepo, na betri zitoke kwanza. Adui wa Kilwa ni chumvi na unyevu. Volti 900 hazihitaji njia pana. Utando wa chumvi usioonekana kwa macho unatosha kuzivujisha, kisha kipimo kikabaki bubu au kikapiga kelele ovyo. Futa vihami vyote vyeupe kwa pamba yenye spiriti safi, halafu kiache kikauke vizuri mahali pakavu. Jikoni hapafai. Ukoko wa betri una aina mbili: za kale za kaboni zilivuja asidi, hizo safisha kwa magadi kidogo kwenye maji, za alikalini zimeacha unga mweupe, huo unayeyuka kwa siki au ndimu. Ukizigeuza hizo dawa utasugua bure. Betri mpya ni zile kubwa za tochi, na usiziache ndani ukimaliza.

Fundi redio wa mjini anaweza kubadilisha kapasita zilizovimba na kulehemu waya uliokatika. Mwonye mambo mawili. La kwanza, umeme ule hauui mtu mzima kirahisi lakini utamrusha kutoka kitini, basi asiguse mpaka umemalizika kwenye kapasita. La pili, mita yake ya kawaida itashusha zile volti anazozipima, isome 300 au 400, naye aseme transfoma imekufa. Hajakosea kazi, ila chombo alichonacho ni kizito mno kwa umeme mwembamba kiasi hicho. Mrija usiufinye, ukuta wake ni mwembamba makusudi.

Kikiwaka, kisikilize kikiwa peke yake: mapigo kumi na kitu hadi ishirini na kitu kwa dakika, yasiyo na mpangilio. Hayo yanatoka ardhini na angani, na kuta zenu za mawe ya matumbawe hazitaongeza kitu cha maana. Halafu nenda kwa wavuvi wa dagaa, uliza kama kuna mwenye karabai ya zamani na kile kifuko cha wavu kinachowaka ndani yake. Vya kale vilitengenezwa kwa thoriamu. Zungusha kifuniko cha bomba kiwe wazi, sogeza, nawe utasikia tofauti. Vipya vingi havina thoriamu, kwa hiyo usikate tamaa kwa kimoja. Mwamba wa fosfeti wa Minjingu pia una urani kiasi. Salfa ya mikorosho haina, ingawa harufu yake ingemshawishi mtu yeyote.

Usifanye nacho kazi ya usalama, hata kikiimba vizuri. Aina hii ikizidiwa na mionzi mikali mshale unaweza kurudi sifuri, yaani ukimya wake penye hatari ndio unaodanganya. Goiânia, Brazil, Septemba 1987, waokota vyuma chakavu walivunja mashine ya hospitali iliyotelekezwa yenye sesiamu. Watu 4 walifariki. Ukikuta kwenye chuma chakavu kopo zito la risasi lenye alama ya mapanga matatu, ondoka na wenzako, kisha toa taarifa polisi na Tume ya Nguvu za Atomiki. Tume hiyohiyo, kwenye maabara yake ya Njiro, Arusha, ndiyo inayosawazisha vipimo vya mionzi. Waulize pia habari ya kibandiko kabla hujakisafirisha kisanduku au kukiuza, kwani chanzo cha mionzi, hata kidogo, kinaangukia Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003.

Kuhusu bwana wa Lindi, akirudi mwambie unauza kipimo cha mionzi cha zamani, chenye kibao na namba yake, kwa risiti na kwa idhini ya Tume. Akitoa kitunguu saumu mfukoni ili ajaribu kama zebaki inakikimbia, mpe chai, kisha msindikize mpaka barabarani.