Tangawizi na Manufaa Yake

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa tangawizi, nayo kwa Kiarabu ni zanjabili, imetajwa katika Qur'ani, Sura ya 76, aya ya 17, kuwa huchanganywa katika kinywaji cha watu wema Peponi. Nasi watu wa Nakapanya hatuhitaji kuletewa kutoka ng'ambo, kwani hulimwa Madaba, katika mkoa huu huu wa Ruvuma. Hupondwa ikatiwa katika kahawa, chai na mchuzi wa samaki. Nayo hutuliza kichefuchefu, hata cha mja mzito. Lakini malaria haiiondoi. Amnyweshaye mtoto mwenye homa tangawizi usiku kucha, asimpeleke kupimwa damu, amemdhulumu. Ama maji yaliyogeuzwa nayo hata yakaondokewa na jina la maji, kwa madhehebu ya Shafi'i ni tohara, hunywewa, wala hayafai kutawadhia.