NYOTA NA KARATA: JEE, ZAJUA GHAIBU?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: ndugu yangu Muislamu, somo letu hili limetokana na suala la mtu mmoja aliyenijia baada ya sala ya Isha. Binti yake alikwisha posewa, na siku ya nikahi ilikwisha wekwa. Kisha akaenda kwa mpiga karata, akaambiwa: "Imetoka shupaza ya tatu, nayo ni karata ya Zuhali, ndoa hii ni ya huzuni." Akaivunja posa. Sasa moyo wake umeingia shaka.

MAS-ALA: Karata zina uhusiano gani na nyota?

JAWABU: Hazina uhusiano illa ule waliobuni watu, na watu hao wajulikana kwa majina na miaka yao.

Asili ya karata ni mchezo. Katika jumba la Topkapı, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Misri za zama za Mamluki, alizozieleza mwanachuoni L. A. Mayer mwaka 1939. Alama zake ni nne: vikombe, dirhamu, panga, na fimbo za mchezo wa farasi. Karata za namna hiyo ziliingia Ulaya katika karne ya 14, na majina yake sisi tukayapokea kwa Wareno: kopa ni kikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni upanga, pau ni fimbo. Hapana Zuhali humo wala Mirihi.

Mwaka 1770 Mfaransa Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake nyuma mbele akajiita Etteilla, alipiga chapa kitabu cha kuagulia kwa karata. Mwaka 1781 mwenzake, Antoine Court de Gébelin, akadai kuwa karata ziitwazo taroti ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale. Alidai hayo hali maandishi ya Misri hayo hapana aliyeweza kuyasoma mpaka mwaka 1822. Ilhali taroti ni mchezo uliozuka Italia katika karne ya 15.

Kisha London, mwaka 1888, kikaundwa chama cha siri kiitwacho Golden Dawn. Buruji ni 12. Wakaigawa kulla moja mafungu 3, yakawa 36. Karata za 2 hatta 10 katika aina nne ni 36 vile vile. Basi kulla karata wakaipa fungu lake na sayari yake. Shupaza ya tatu ikapewa Zuhali katika Mizani. Hiyo ndiyo iliyovunja posa ya ndugu yetu!

Walipofika katika karata kubwa 22, hisabu ikawakatalia. Karata yenye picha ya mizani ilikuwa ya 8, na yenye picha ya simba ilikuwa ya 11. Na katika mbingu Asadi hutangulia Mizani. Wakafanyaje? Wakazibadilishana nambari zile mbili. Ewe mwenye akili, ushahidi uliogeuzwa ili ulingane na dai, jee, huitwa ushahidi?

HUKUMU YAKE: Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura An-Naml, aya ya 65, kuwa hapana ajuaye ghaibu illa Yeye. Imamu Ibn Hajar al-Haytami katika Az-Zawajir ameutia ukahini na utabiri wa nyota katika madhambi makubwa. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa amwendeaye mpiga bao akamwuliza, sala yake haikubaliwi siku 40. Imamu Nawawi ameeleza kuwa maana yake ni kukosa thawabu. Faradhi haimwondokei, wala asiache kusali.

TANBIHI: Usichanganye haya na ilmu ya falaki. Kujua kibla, nyakati za sala na njia ya bahari kwa nyota ni jambo jema, kwani huko ni kuhisabu mwendo unaoonekana, si kudai khabari za ghaibu.

Basi nilimwambia ndugu yetu: tubu kwa Mola wako, kisha nenda kwa wazee wa kijana ukawaombe radhi. Wakikubali, uliza dini yake na tabia yake kwa jirani zake na kwa wenziwe wa msikitini, kisha sali istikhara. Mume haulizwi kwa karata. Naye binti hana kosa. Asibebeshwe huzuni iliyoandikwa na watu wa London.

Wallahu aalam.