Pima bustani kwa bidoni, mdogo wangu

Mdogo wangu, naona mmeanza. Mwezi wa tano unakatika, mvua zinaaga, na kutoka Muyinga mpaka hapa Gitega swali ni lilelile: dada, mbona lengalenga zinanyauka na mimi namwagilia kila siku? Sogea hapa, tuongee.

Kwanza usijilaumu sana. Sote tumedanganywa na masika. Mwezi wa tatu na wa nne mvua inakulimia, unapanda mpaka mlangoni kwa choo, jirani anakusifu, kichwa kinavimba. Halafu ici inaingia, na mpaka mwezi wa nane huoni mvua ya maana, lakini wewe bado unang'ang'ania matuta kumi. Mwaka mmoja na mimi niligoma kupunguza. Nikagawa bidoni mbili uwanja mzima, kila mche ukapata tone la kulamba. Maji yakaishia juu juu, mizizi ikayafuata hukohuko juu, jua la saa sita likaimaliza. Mwezi wa saba nikawa sokoni nanunua fungu la lengalenga, kitenge nimejitanda mpaka puani, nisionwe na yule jirani.

Basi hesabu maji kabla ya kuhesabu miche. Bidoni ya lita 20 inanywesha tuta la mita nne kwa moja kwa siku, si zaidi. Nyumba yako ikibakiza bidoni moja, una tuta moja. Inauma, najua. Kung'oa ulichopanda kwa mkono wako ni kama kumnyima mtoto. Lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Na usiniambie utamtuma binti bondeni alfajiri akaongeze maji, afike shule wenzake wamekwisha kaa. Bustani gani hiyo?

Hilo tuta moja lilee kama mzazi aliyetoka kujifungua. Masika uliinua udongo ili maji yakimbie. Sasa ushushe, uwe chini ya ardhi kidogo, maji yatulie. Tandika majani makavu ya migomba, unene wa vidole vinne, usiyabananishe na shina yakaliozesha. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Nyie mnaomwaga maji usiku juu ya majani, acheni! Usiku wa ici huku milimani una baridi. Jani linalala limelowa, siku chache baadaye nyanya zina madoa meusi, unaanza kusema umerogwa. Nani akuroge kwa nyanya sita?

Tena nyanya zinaipenda ici, maana mvua ndiyo huziozesha. Shu nazo hazichukii baridi, ila geuza jani uangalie chini yake, vidukari hushamiri wakati wa ukame. Wakiwa wachache waponde kwa vidole. Wakishajaa, usije kwangu unalia.

Acha lengalenga mbili tatu zikomae, mbegu uzianike, uzitie kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na panya. Mwezi wa tisa mvua ikianza kupiga bati, panda mpaka uchoke. Na lile tuta la pili ulilolificha nyuma ya choo, nimeliona. Ling'oe leo, mle jioni na bugali.