Picha ya mama kwenye fulana

SWALI: Mama yetu anauza dagaa mwaloni Kibirizi. Nataka kumpa fulana yenye picha yake akiwa na wajukuu, niitengeneze mwenyewe nyumbani. Nifanyeje? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Hongera kwa wazo hilo, zawadi ya mkono wako ataithamini. Chagua fulana nyeupe ya pamba. Ifue na uikaushe kwanza, bila dawa ya kulainisha nguo.

Nunua karatasi maalumu ya kuhamishia picha kwenye kitambaa cheupe, inayofaa printa ya wino. Kabla ya kuchapa, geuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo, la sivyo maandishi yatasomeka kinyumenyume. Kata pembeni, ukizungusha kona.

Tandika kitambaa cha pamba juu ya meza ngumu, weka fulana juu yake, kisha karatasi, upande wa picha ukitazama chini. Pasi ya umeme iwe kwenye moto wa pamba, bila mvuke. Pasi ya mkaa naiogopa hapa: moto wake haupimiki na jivu huchafua. Kandamiza kwa nguvu, sehemu baada ya sehemu, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kingo ndizo hubanduka mapema, zipe uangalifu zaidi. Fuata pakiti pia kujua kama karatasi inabanduliwa ya moto au ikishapoa.

Ngoja siku nzima kabla ya kuifua. Mwambie mama aigeuze ndani nje, aifue kwa maji baridi na kuianika kivulini. Jua linalokausha dagaa vizuri hufifisha picha.

Jaribu kwanza kwenye fulana kuukuu.