Kinga ya meno inakata pumzi?

Mabondia na wachezaji wa raga huitupa kinga ya meno kwa shtaka moja: inawanyima hewa. Maswali yao anayajibu daktari wa meno anayehudumia wanamichezo.

*Shikamoo, daktari. Mimi ni bondia wa ridhaa. Nikivaa kinga, raundi ya pili tu nimeshachoka, kifua kinabana. Ni hiyo kinga?*

Marahaba. Kabla sijakujibu, fanya jambo moja. Ivae, kisha fungua mdomo wazi. Imebaki juu kwenye meno, au imedondokea ulimi? Nadhani imedondoka. Kinga iliyolegea haikai bila kuumwa, na wewe umeiuma raundi nzima.

Ukiwa umetulia, mapafu yako hupitisha kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, na pua inatosha kabisa. Ukianza kujituma, hewa ikakaribia lita 35 au 40, watu wengi huanza kuhemea mdomoni. Mwanamichezo aliyeiva, akifika mwisho wa nguvu zake, anaweza kupita lita 150. Sasa hewa yote hiyo unataka ipenye kwenye meno yaliyokazwa! Lazima utwete.

*Kuna aliyepima jambo hili, au ni maneno ya gym tu?*

Limepimwa, na majibu yakagongana. Mwaka 1991 watafiti Francis na Brasher walitumia kinga zisizoumbwa kwa meno ya mvaaji. Zoezi lilipokuwa zito, hewa iliyopita ilipungua. Cha ajabu, na oksijeni iliyotumika ilipungua, wakahisi huenda mvaaji anapumua taratibu na kwa ndani zaidi, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mwaka 2005 wachezaji wa hoki ya barafu waliovaa kinga ya magego, nayo haikuumbwa kwa kinywa cha mtu, walipungukiwa na hewa walipofikia kilele cha juhudi. Lakini mwaka mmoja baadaye watafiti wa Ufaransa walipima kinga zilizoumbwa kwa meno ya mvaaji. Hawakuona tofauti, mtu akiwa amepumzika wala akiwa hoi.

Kwangu mimi kesi imekwisha hapo: mkosaji ni kinga isiyokukaa.

*Mwanangu anacheza raga. Kinga inamtia kichefuchefu, ameikata nyuma kwa mkasi. Nimgombeze?*

Usimgombeze, mama. Kingo ya nyuma ikigusa kaakaa laini, mtu hutaka kutapika, na anayezuia kutapika hapumui vizuri. Ila mkasi una mpaka: magego lazima yabaki yamefunikwa, maana hapo ndipo taya ya chini inapogonga. Akate kidogo kidogo, kisha asugue kingo isimchubue fizi. Na kama bado anaota meno, mwaka ujao atahitaji nyingine.

*Ile ya dukani ya kuchemsha inafaa?*

Inafaa, ukiiumba kwa subira. Wengi huichemsha kupita muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha wanaiuma kwa nguvu kama muwa, wanabaki na utando mwembamba chini ya magego. Fuata muda wa pakiti. Ipachike juu, uma kiasi, fyonza hewa na maji yatoke, huku ukiibana kwa vidole kutoka nje kwenye midomo na mashavu. Ikishapoa, rudia jaribio la kufungua mdomo. Ikidondoka, irudishe kwenye maji ya moto kama pakiti inaruhusu. Ya kutengenezewa na daktari wa meno hukaa vizuri zaidi, lakini si ya kila mfuko.

*Niivae siku ya pambano tu?*

Hapana. Ivae kwenye pedi, kwenye begi na hata ukiruka kamba, ili ujifunze kuhema taya ikiwa imelegea kati ya ngumi na ngumi. Na leo jioni ishike mbele ya taa. Ukiona mwanga unapenya pale unapoiuma, nunua nyingine kabla ya sparing ya kesho.