Bwawa la Solai na mapenzi ya Mungu

Swali: Mchungaji, jirani yangu asema bwawa la Solai lilipasuka kwa mapenzi ya Mungu. Ni kweli?
Msomaji, Nakuru

Jibu: Ndugu yangu, siamini hivyo. Usiku wa Mei 9, 2018, baada ya mvua kubwa, ukingo ulivunjika na maji yakaua zaidi ya watu 40, wakiwemo watoto. Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akikataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Ukingo hujengwa na watu, nao ndio hupaswa kuukagua. Tukimsingizia Mungu, tunawaongezea wafiwa uchungu. Kama unaishi chini ya bwawa, iulize Mamlaka ya Rasilimali za Maji lilikaguliwa lini.